Kisogo cha Mheshimiwa

Wagombea udiwani wana wimbo mmoja tu: nitumeni nikawasemee. Wanauimba hapa Mabamba siku za gulio, wamesimama juu ya kreti la soda au nyuma ya pikapu, na sisi kwa kuwa jua linatupiga utosini tunaitikia haraka, haya nenda. Sijapata kumsikia hata mmoja akitueleza akishafika huko atakaa wapi, atakuwa amemwelekea nani, na nani ataketi kati yake na mwenye kalamu. Mjukuu wangu ana kitabu cha shule chenye picha ya Bunge la Dodoma: Spika yuko juu, siwa iko mezani, wabunge wamezunguka nusu duara. Chumba ambamo ushuru wa kibanda changu hapa sokoni unapangwa hakina picha.

Baadhi ya majirani zetu wana mabunge ya mikoa na wanaringa nayo. Kenya ina kaunti 47, na tangu mwaka 2013 kila kaunti ina bunge lake, lenye Spika asiyetoka miongoni mwa wajumbe waliochaguliwa, na siwa, na mtu wa kuibeba hiyo siwa. Zanzibar wana Baraza la Wawakilishi tangu mwaka 1980. Ng'ambo ya ziwa, kule Kalemie, kuna bunge la mkoa wa Tanganyika, na mkoa wenyewe umeundwa mwaka 2015 tu. Warundi ndio wana mashaka yao: mwaka 2025 walipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5, na wateja wangu wa Ruyigi, wanaovuka mpaka kuja kushonesha sare za watoto, walilala Ruyigi wakaamka Buhumuza bila kuhamisha hata sufuria.

Sisi mkoa wetu wa Kigoma una kikao kinachoitwa Kamati ya Ushauri ya Mkoa, RCC kwa wenye haraka, kilichowekwa na sheria ya mwaka 1997. Mwenyekiti ni Mkuu wa Mkoa, na ndani wamo wakuu wa wilaya, wabunge, wenyeviti wa halmashauri na wakurugenzi wao. Wanashauri. Ukitaka kuona watu wakipiga kura juu ya mbuzi wanaozurura, ada ya machinjio na bajeti ya mwaka mzima, huna haja ya kushuka hadi Kigoma mjini. Nenda makao makuu ya wilaya siku Baraza la Madiwani linapokaa, kila baada ya miezi mitatu. Bunge la karibu kuliko hilo hatuna.

Nalo limewahi kufukuzwa na kurudishwa. Mwaka 1972 Serikali ilipoleta Madaraka Mikoani, mabaraza ya wilaya yalifutwa, maofisa wakabaki wanaendesha mambo wenyewe hadi zilipokuja sheria za mwaka 1982, Namba 7 ya wilaya na Namba 8 ya miji. Mabaraza yakaanza kukaa tena mwaka 1984. Marehemu baba yangu aliipitia miaka yote hiyo bila diwani na sikumsikia akilalamika. Malalamiko yake yalikuwa ya nyuma zaidi. Alisema enzi za abami, machifu wetu wa zamani, hakukuwa na utata wa viti: aliyekaa kitini ni mwami, hata kule Heru ambako mwami alikuwa mwanamke, Tereza Ntare, na wengine wote ni chini. Mwaka 1963 uchifu ukafutwa. "Tangu hapo," baba alikuwa akisema, "kila mtu anahangaika na kiti."

Mimi changu nimekihangaikia kwa miguu.

Shemeji yangu anaishi katika halmashauri ambayo siitaji, maana ana kiwanja na hati yake bado haijatoka. Ukanda wetu huu wa juu una halmashauri za kutosha: Kibondo, Kakonko iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012, Buhigwe iliyotoka Kasulu mwaka huohuo, na Kasulu yenyewe ambayo ina mbili, ya wilaya na ya mji. Kisia mwenyewe. Kijijini kwao wananchi walichanga, wakafyatua tofali, wakajenga choo cha soko hadi kwenye renta. Wakaambiwa bati zitatoka halmashauri. Choo kikakaa. Mpapai ukaota ndani, ukazaa, na mapapai yakaliwa. Diwani akaahidi kwamba safari hii suala limo kwenye taarifa ya kata, akamwambia shemeji aje asikie kwa masikio yake, kwa kuwa mikutano ya baraza ni ya wazi kwa wananchi. Shemeji akanichukua nimsindikize. Alidai mimi nina mdomo.

Tulifika mapema, ukumbi mtupu, viti vinang'aa. Tukakaa mbele, penye meza yenye kitambaa cha satini na maua ya plastiki. Satini yenyewe ilikuwa imepindwa kwa mkono wa haraka, haikupigwa ovaloki, nyuzi zinaning'inia. Mimi ni fundi cherehani, uzi unaoning'inia unaniuma kama jipu. Kabla sijazikata kwa meno akatokea kijana wa itifaki, shati limechomekewa, beji kifuani.

"Shikamooni wazee wangu. Hapo ni meza kuu."

"Marahaba. Sisi hatutaki ukuu, mwanangu. Tunataka kuona."

"Hapo anakaa Mheshimiwa Mwenyekiti, Makamu wake, Mkurugenzi, na Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya akija."

Hebu niieleze meza hiyo, maana baadaye niliikodolea macho kutwa nzima. Mwenyekiti ni diwani kama wengine. Madiwani wenzake wamemchagua awaongoze miaka yote mitano. Makamu huchaguliwa upya kila mwaka, na nadhani ndiyo sababu anacheka na kila mtu. Upande wa pili wa Mwenyekiti yuko Mkurugenzi Mtendaji, ambaye hakuchaguliwa na yeyote ukumbini, ameteuliwa na Rais. Yeye ndiye katibu wa baraza. Kura hana. Ila kabrasha la kikao linatoka ofisini kwake, kumbukumbu za kikao kilichopita zimeandikwa na watu wake, na Mwenyekiti akikwama kwenye kanuni anainama upande ule anong'onezwe. Siku ile aliinama mno. Kufika saa sita kola ya joho lake ilikuwa imekunjamana upande mmoja tu, upande wa pili imenyooka kama ilivyotoka kwenye pasi. Mkuu wa Wilaya naye si mjumbe. Ni mgeni, lakini mgeni wa kukaa mbele na kutoa salamu za Serikali, na salamu zile zilikuwa na vipengele kuliko hoja zote za asubuhi.

Mabaraza yalipovunjwa katikati ya mwaka 2025 kupisha uchaguzi, viti vya wenye majoho vilibaki vitupu nchi nzima. Cha mwenye kabrasha hakikubaki kitupu, na mashine za POSI za ushuru ziliendelea kutema risiti.

Tukahama. Katikati ya ukumbi kulikuwa na meza zimepangwa umbo la U, mdomo wake umeelekea meza kuu, na kila meza ina kipaza sauti chenye shingo ndefu. Nikamwambia shemeji, hapa pazuri, tutaongea vizuri. Kijana akarudi.

"Wazee wangu, hapo ni pa Waheshimiwa."

Waheshimiwa ndio hao madiwani: mmoja kwa kila kata, halafu wanawake wa viti maalum ambao idadi yao haipungui theluthi. Na mbunge. Wengi hawajui kwamba mbunge wa jimbo ni mjumbe halali wa baraza, ana kiti chake na kura yake. Siku ile kiti chake kilikuwa na kibao cha jina na chupa ya maji. Jioni kibao kilikuwepo. Maji yalinywewa na mtu mwingine.

Tukahamia pembeni, safu ya ukutani.

"Hapo ni pa CMT."

Nikadhani ni kanisa. Kumbe ni timu ya menejimenti, yaani wakuu wa idara na vitengo: elimu, afya, kilimo, mipango, mweka hazina, mwanasheria, mkaguzi wa ndani. Hawa tunawaita wataalamu. Wamekaa nje ya U, kila mmoja na mafaili yake mapajani, na kanuni inawakataza kusema mpaka Mwenyekiti awaruhusu kupitia kwa Mkurugenzi. Usiwaonee huruma. Diwani akisimama kuuliza kwa jazba, jazba hiyo inapanda meza kuu, inateremka ukutani, na jibu linasomwa na mtu ambaye swali alilijua tangu juzi.

Nyuma ya wataalamu kulikuwa na viti vyenye foronya nyeupe. Hapo ni pa wakuu wa taasisi, wale waalikwa. Sehemu hii inafaa kila mpigakura aione kwa macho. Diwani wako anapoomba kura anakuahidi barabara na maji. Lakini barabara za wilaya tangu mwaka 2017 ziko TARURA, na maji ya vijijini tangu mwaka 2019 yako RUWASA, na umeme haujawahi kuwa wa halmashauri. Kwa hiyo barabara na maji, yale mawili aliyoyaapia juu ya kreti, yamo mikononi mwa watu wanaoingia ukumbini kwa barua ya mwaliko. Wanasikiliza, wanaandika, wanatoa ufafanuzi. Baraza haliwezi kumhamisha hata mmoja wao kutoka kiti kimoja hadi kingine. Sisi wawili ndio tuliokuwa tunahamishwa.

Tuliondolewa pia kwenye viti vya watendaji wa kata, kisha vya waandishi wa habari, ambao hawakuwepo ila kamba ilikuwepo. Mwisho tukaelekezwa nyuma kabisa, nyuma ya nguzo, viti vya plastiki vya aina ile ambayo mguu mmoja unaanza kutanuka ukikohoa. Kibao kimeandikwa WANANCHI. Tulikuwa mimi, shemeji, mama mmoja mwenye mtoto, na mzee aliyekuja kwa sababu nje kulikuwa na mvua.

Kutoka pale nikaona jambo ambalo halijanitoka. U ile imefungua mdomo kuelekea meza kuu, kwa hiyo madiwani wote wa tumboni mwa U wametupa migongo. Diwani wa shemeji nilikuwa nimeiona picha yake kwenye mabango mwezi mzima, meno thelathini na mawili, kidole juu. Ukumbini nikapewa kisogo chake. Anawasemea watu wake akiwa amewapa kisogo, akimtazama mtu aliyeteuliwa, na kati yake na sisi kumejaa wataalamu na foronya. Nilikijua kile kisogo vizuri kuliko kinyozi wake.

Kwa kuwa migongo ndiyo niliyopewa, nikaikagua migongo. Majoho yalikuwa meusi, ukosi mwekundu, kitambaa cha poliesta kisichopitisha hewa, katika ukumbi ambao feni mbili kati ya nne zilikuwa zinazunguka. Aliyeyashona hakupima mtu. Alikata saizi moja, akatia mikono mipana kama ya kanzu, akapokea hela, akaondoka. Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 ukabadilisha watu lakini haukubadilisha vipimo, na majoho yakagawiwa wapya kwa kufuata kata, siyo kimo. Diwani mmoja mrefu wa milimani lake lilimkomea magotini. Mama mmoja wa viti maalum, mfupi, lake lilikuwa linafagia sakafu. Kila akisimama kuchangia anakanyaga pindo, anavutwa nyuma, na sentensi yake ya kwanza inatoka bila pumzi. Niliona begani kushoto kwake mshono umeachia inchi nzima. Watu wanalipia joho la Mwenyekiti mkufu unaong'aa kifuani, na hakuna aliyefikiria uzi.

Kikao kikaanza kwa sala. Katibu akathibitisha akidi, ambayo ni nusu ya wajumbe, na Mwenyekiti akatangaza kwamba baraza limefunguliwa. Halafu zikaja kumbukumbu za mkutano uliopita, ukurasa kwa ukurasa, madiwani wanasahihisha majina yao yaliyokosewa herufi. Halafu yatokanayo. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha Kitanzania anajua yatokanayo ndipo siku hufia. Kila jambo lililoahidiwa miezi mitatu iliyopita linaitwa kwa namba na kuandikiwa hatua iliyofikiwa: utekelezaji unaendelea. Nilijaribu kutafuta katika sauti ya msomaji kama kuna jambo hata moja lililosimama. Hakuna. Yote yanaendelea.

Adabu za kusema nazo ni somo. Hakuna anayemjibu mwenzake. Kila neno linapitia kwa Mheshimiwa Mwenyekiti, hata tusi, kama lingekuwepo, lingepitia kwake. "Mheshimiwa Mwenyekiti, kwanza nikushukuru kwa kunipa nafasi, pili nimshukuru Mheshimiwa Rais, tatu niwapongeze wataalamu wetu," na hapo kengele ya muda iko njiani. Akitokea mwenye haraka anapaza sauti "taarifa!" na wa kwanza analazimika kukaa, anasikiliza taarifa isiyo na habari ndani yake, anaulizwa kama anaipokea, anasema haipokei, anasimama tena na amesahau alipokuwa. Vipaza sauti viliongeza la kwao. Ukiwasha kimoja, cha jirani kinapiga mluzi, na yule mtaalamu wa sauti, kijana mwembamba aliyechuchumaa nyuma ya spika, ndiye mtu pekee ukumbini aliyeweza kumnyamazisha Mheshimiwa yeyote bila kunukuu kanuni.

Taarifa za kata huja siku ya kwanza. Za kamati za kudumu, ile ya fedha, uongozi na mipango ikiwa mbele, hufuata siku ya pili. Kwa hiyo choo kilikuwa cha siku ya kwanza. Diwani wetu alisimama, akashukuru wote waliopaswa kushukuriwa, akasoma taarifa ya kata yake kwa kasi ya mtu anayekimbiza basi. Mahudhurio ya shule, chanjo, mbolea, tembo hawakuonekana, na mwisho kabisa: "choo cha soko kipo hatua ya renta, tunaomba bati." Shemeji akaniminya paja. Mwenyekiti akauliza kama kuna maelezo. Macho yakateremka ukutani. Mtaalamu mmoja akasimama, akasema suala limepokelewa na litazingatiwa kulingana na upatikanaji wa mapato ya ndani. Meza zikagongwa.

Shemeji akasimama. Sikumtuma. Alitaka kusema neno moja, nadhani lilikuwa mpapai. Hakufika popote, mgambo alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, akamwekea mkono begani kwa upole kabisa.

"Mzee, wananchi wanasikiliza."

"Sasa na mimi nasikilizwa na nani?"

"Una diwani."

Shemeji akakitazama kile kisogo.

Kuna wasanifu majengo wa Amsterdam, ofisi yao inaitwa XML, waliochora kumbi za mabunge ya nchi zote 193 za Umoja wa Mataifa wakazitolea kitabu mwaka 2016. Dunia nzima wakakuta maumbo matano basi: nusu duara, mabenchi yanayotazamana, kiatu cha farasi, duara, na darasa. Urusi, China na Korea Kaskazini zinakaa darasa, wote wanamtazama mwalimu. Waingereza wanatazamana. Ukumbi wao ulipopigwa bomu mwaka 1941, Churchill alisimamia ujengwe upya vilevile, mstatili na mdogo, hata leo wabunge 650 wanagombania nafasi zisizofika 430, na wanaochelewa wanasimama. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu kibandani. Kumbe duniani kuna mkubwa aliyekosesha viti kwa makusudi, na waliokosa ni Waheshimiwa wenyewe!

Cha kwetu ni kiatu cha farasi kwa walio ndani, na darasa kwa walio nyuma ya nguzo. Ng'ambo ya mpaka kulikuwa na mpango mwingine kabisa, wa bashingantahe, wazee wa hukumu wa Kirundi wenye kile kifimbo cha intahe. Wateja wangu wazee bado wanawasimulia: wanakaa wanatazamana, wenye kesi wako hapohapo mbele yao, mzee anagonga ardhi kwa fimbo anasema lake. Sisemi tuhamie huko. Nasema tu kwamba kuigeuza ile U, mdomo uelekee kwa wananchi na meza kuu ihamie nyuma yetu, ni kazi ya vijana wanne na nusu saa. Mwenyekiti angetuona. Diwani angetuona. Wataalamu wangelazimika kugeuza shingo kidogo, na posho ya shingo ingeweza kuingizwa kwenye bajeti.

Saa nne ya chai, ambayo kwa kweli ilikuwa saa saba, watu wakatoka. Chai ni ya wajumbe na waalikwa. Sisi tulisimama barazani karibu na masufuria, mahali ambapo nilijifunza kuliko ndani. Mama anayegawa chapati anajua nani amekosana na nani kwa kuangalia wanaopanga foleni pamoja. Alinionyesha kwa kijiko: yule na yule hawajasalimiana tangu kikao cha chama cha juzi, na hoja kubwa ya kesho imeshaamuliwa hukohuko, kesho ni kugonga meza tu. Kama nilikuwa na maswali ningemuuliza yeye, alisema, asingeniambia limepokelewa.

Yule mama wa viti maalum akapita na kikombe, joho bado linafagia. Sikuweza kuvumilia. Nikamwomba radhi, nikachutama, nikachomoa pini mbili kwenye ukosi wa shati langu nikamkunjia lile pindo hadi kwenye kifundo cha mguu. Akajizungusha, akapiga hatua mbele, akapiga hatua nyuma, hakuanguka. Akacheka kwa sauti ya mtu ambaye hajacheka tangu aapishwe.

"Fundi, kwa nini usiyashone upya haya yote? Utupime kabisa, mmoja mmoja."

Nikasema niko tayari hata kesho, kitambaa cha pamba nyepesi, bega kwa bega, na bei ya ujirani. Akamwita ofisa wa manunuzi, kijana mstaarabu, chapati mkononi. Kijana akaniamkia, akanisikiliza vizuri, akaniuliza kama nina TIN na leseni ya biashara. Ninavyo. Akasema basi imebaki hatua moja: siku hizi, tangu mwaka 2023, kila zabuni ya umma inapita kwenye mfumo wa NeST, kwa hiyo nijisajili, niweke barua pepe, nipakie nyaraka, kisha nisubiri tangazo.

Nikamtolea simu yangu. Ina tochi na redio.

Shemeji, aliyekuwa kimya tangu aguswe bega, akamsogelea kijana.

"Na bati za choo chetu, mwanangu, zenyewe zinapita wapi?"

"Nazo humohumo mzee, NeST."

"Huko NeST," shemeji akauliza, "wananchi wanakaa upande gani?"